Nundu ya Mlango wa Kushoto

Gari lile la mashindano lilikuwa limepita kwa dereva bingwa, kwa padri aliyelipaka rangi nyeupe, na kwa muuza maziwa aliyelipaka bluu. Sasa lilikuwa kwa fundi Shauri.

"Mama, sikufichi, sina hakika kama ndilo lenyewe," alimwambia Keziah, aliyekuja kulinunua. "Namba hubandikwa kokote."

Keziah, ambaye zamani alimsomea ramani yule bingwa mashindanoni, akiketi kushoto kwake, alifungua mlango wa kushoto.

"Hiyo nundu iliyotokeza nje nitaigonga irudi ndani," fundi alisema, akiingia upande wa usukani.

Keziah aliketi, akavuta mlango. Goti lake likaingia ndani ya ile nundu, likatulia kama limechongewa hapo.

"Tulibingirika mara tatu," alisema, akaanza kucheka. "Mimi nilishonwa goti. Mlango haukushonwa."

"Basi nisiguse?"

"Ukiugusa, tutakosana."

Kisha akafungua kiganja mbele ya macho kama daftari la ramani, akasoma. "Kona kali kulia. Mchanga. Daraja."

Fundi Shauri akajikuta ameukamata usukani kwa mikono miwili, ingawa injini ilikuwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, nje ya gereji.