Duara Lililopita Getini

Bikari zilikatazwa katika mahabusu ya watoto kwa sababu ya ncha zake, kwa hiyo Mwalimu Tunu aliwapeleka wanafunzi uani na kamba ndefu ili wachore duara. Alisimama katikati akishika ncha moja, nyingine akampa Chausiku, msichana ambaye tangu aletwe hakuwahi kuuliza swali.

"Ivute isilegee, uzunguke ukichora."

Chausiku alizunguka na kijiti, akishangaa jinsi mstari ulivyojipinda wenyewe mchangani. Alipofika kwenye geti pana, kamba ilitaka kuendelea.

"Mwalimu, nikiishia hapa litakuwa duara?"

"Wewe unaonaje?"

"Litakuwa limekatwa."

Wote wakamgeukia askari wa zamu, Afande Mbegu. Akakuna kidevu, akautazama mchanga.

"Likitoka nje, litarudia wapi?"

"Nadhani kwenye nguzo ile ya pili ya geti, Afande. Lakini sijui mpaka nilichore."

Afande naye alitaka kujua. Akafungua kufuli.

Chausiku alitoka akiwa ameinama, akichora kwenye vumbi la barabara, kamba ikiwa imekaza. Mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la ndizi kichwani alisimama, akautazama mstari, kisha akainua khanga kidogo, akauruka.