Hina ya Mwantum

Diwani Mwantum alikuja kikaoni mikono yote imefungwa vitambaa. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake, na hina ilikuwa bado mbichi.

Jambo la mwisho lilikuwa bomba la maji la mtaa wetu wa Buyenzi: libaki, au ling'olewe magari ya gereji yapate pa kuegeshwa. Kura zilikuwa sawa kwa sawa, akabaki yeye tu. Aliinua mkono wa kulia, bomba libaki.

"Mukono wa kufungwa mi siuhesabu, mama," alisema mwenyekiti. "Tuone kiganja."

Sisi wanawake tuliokaa nyuma tulijua maana yake. Hina ikitolewa mapema haikolei, na mama wa bibi harusi mwenye viganja vilivyopauka atasemwa mwaka mzima.

Mwantum alifungua kitambaa kwa meno. Hina ilidondoka vipande vipande mezani. Kiganja alichoinua kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Haya. Bomba inabaki," alisema mwenyekiti.

Tulishusha pumzi. Tulimpeleka moja kwa moja bombani, nami nikamfungulia maji.

"Polepole," alisema, huku akiuficha mgongoni mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa umefungwa. "Huu ndio wa foto za harusi."