Kiraka cha Tunu

Siku hizo kila mwenye saratani ya utumbo mpana alibandikwa kiraka cha dawa begani. Dawa ilizituliza protini zinazoamuru seli zigawanyike, na uvimbe ukalala. Tunu aliishi hivyo kwa amani, mpaka aliposhika mimba.

"Kiraka hakichagui, dada," daktari alimwambia. "Kinazuia uvimbe, kitamzuia na mtoto."

"Na nikikibandua?"

"Vyote viwili vitakua."

Jioni alimweleza mumewe, Kibwana.

"Mke wangu, mimi nakutaka wewe kwanza," alisema.

Asubuhi Tunu alikibandua mwenyewe.

Miezi ilipita, tumbo likachomoza. Kibwana aliliwekea kiganja, akalikuta gumu. Tunu alitabasamu. Kibwana hakuthubutu kuuliza ni kipi kinachokua upesi zaidi.