Kanga za Zuhura

Chande alikuwa anafua kanga za mkewe nje ya nyumba, mchana kweupe, wacheza bao wanamtazama.

"Chande, limbwata limekukolea!" Kibwana akapiga kelele. "Kesho utasukwa nywele!"

Wakacheka. Mimba ya Zuhura ilitoka alfajiri, na alimwomba kitu kimoja tu: "Mume wangu, watu wasijue."

Neno moja lingewanyamazisha wote. Akaendelea kukamua, mikono kama si yake.

Alipoinua beseni amwage maji, likamponyoka. Maji mekundu yakatambaa kuelekea kwenye bao. Chande akapiga magoti, akayafukia kwa mchanga, viganja vitupu, polepole.

Kibwana akaona. Kicheko kikamkauka. Akabaki kashika kete, mkono juu.

"Cheza basi, bwana," wenzake wakamwambia. "Zamu yako."