Wageni wa Rebeka

Rebeka alikuwa amechota maji mara kumi na moja tangu asubuhi, na mapipa ya nyumbani yalikuwa yamejaa tangu mara ya pili. Yaliyozidi aliyamwaga nyuma ya zizi, kisha akarudi tena ziwani, ndoo kichwani, shingo imenyooka.

"Pita karibu na lile hema la kijani," mama yake, Dorotea, alimnong'oneza. "Na usalimie. Kwa magoti."

"Mama, wale ni wadogo kwangu."

"Piga magoti."

Vijana wenyewe walikuwa wamefika Jumatatu, mizigo mgongoni, wakajitambulisha kwa heshima zote: Ally na Abdillah, wauza mitumba wa Mabatini. Ndani ya robota moja walikuwa wamekuta mahema mawili, wakaona wayajaribu kabla ya kuyauza. Wangelala siku tano kwenye mawe haya ya ufukweni, chini ya Kiseke, waangalie ziwa, wapumzike.

"Kwani mmefukuzwa nyumbani?" Dorotea aliwauliza.

"Hapana, mama. Tunalala tu. Huku ni bure, na hewa ni safi."

Dorotea aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeamini. Lakini mtu mwenye kitanda chake Mabatini anatokaje huko kuja kulala juu ya jiwe pamoja na pimbi? Tena akaona walivyoyapiga hayo mahema: moja mbele ya nyumba, mkabala na mlango, jingine hatua mia mbili nyuma, usawa wa jiko. Abdillah alidai mwenzake anakoroma.

Ndipo Dorotea akaelewa. Hawa wametumwa na ukoo wa Luhende.

Luhende alikuwa fundi wa injini za boti, na alikuwa ametamka kwamba anamtaka Rebeka. Na Rebeka, mwenye miaka ishirini na tisa, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amemtaka mtu. Mshenga wao, mzee Luhaga, alishawatahadharisha: kabla ya barua ya posa, upande wa mwanamume utatuma watu kimyakimya waitazame nyumba. Hakuna jipya hapo, kila ukoo hufanya hivyo. Na hapo ndipo posa mbili za Rebeka zilipofia. Wachunguzi wa kwanza walimkuta baba yake, Masalu, amelala mtaroni na kiatu kimoja. Wa pili walimsikia Dorotea akigombana na jirani kwa ajili ya kuku, na maneno aliyoyatumia siku ile hayajarudiwa na mtu hadi leo.

"Lakini hawa mbona wako peupe?" Masalu aliuliza. "Mpelelezi gani anatoa shikamoo?"

"Siku hizi kila kitu ni huria, Baba Rebeka. Hata upelelezi."

Kazi ikaanza. Masalu aliacha pombe siku hiyohiyo, akawekwa mlangoni na Biblia mapajani, akifungua kurasa taratibu, ingawa miwani yake ilivunjika mwaka wa themanini na tisa. Kila asubuhi Dorotea alimfuata Wilhelmina, yule jirani wa kuku, akamleta mbele ya hema la kijani na kumkumbatia.

"Unaumwa?" Wilhelmina aliuliza.

"Cheka. Cheka kama mtu anayenipenda."

Wilhelmina alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Asubuhi vijana waliletewa uji wa ulezi, jioni sato kwa ugali, na aliyebeba ni Dorotea mwenyewe, sufuria ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Siku ya tatu Ally alikuwa ameanza kufungua kifungo cha suruali baada ya kula.

"Mama, unatuonea," Abdillah alisema. "Tumekuja na mikate yetu."

"Kuleni, wanangu. Mkawaeleze wenzenu."

Alhamisi mpita njia mmoja alishuka kwenye baiskeli akaomba maji ya kunywa. Maji yalikuwepo ya kutosha. Alikunywa polepole, akiyatazama mahema, sufuria, na Masalu aliyekuwa anafungua ukurasa mwingine.

"Wale ni wageni wa nani, mama?"

Dorotea hakuweza kujizuia. Miaka tisa majirani walikuwa wamemwonea huruma, na leo mtu alikuwa ameuliza.

"Ni wageni wa binti yangu," akajibu. "Unaelewa mwenyewe."

Yule mtu akasema anaelewa. Akashukuru kwa maji, akaenda zake.

Jumamosi vijana walikunja mahema. Abdillah alimshika Dorotea mkono kwa mikono yake miwili. "Hatujawahi kuona nyumba ya amani kama hii, mama." Dorotea aliingia ndani, akajifunika kanga usoni, akalia kwa furaha. Masalu alipewa ruhusa ya kwenda kilabuni.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mzee Luhaga alifika. Kiti chake kilikuwa kimewekewa kitambaa. Rebeka alikuwa nyuma ya pazia, hata kupumua hapumui. Mzee hakukaa.

"Masalu, mngeniambia mapema. Mmeniaibisha mbele ya watu."

"Tungekuambia nini?"

"Ngosha, baba mdogo wa Luhende, alikuja Alhamisi kuwatazama. Ameisifu hii nyumba mpaka basi: baba anasoma, mama hana ugomvi, binti hachoki. Lakini wachunguzi wa ukoo mwingine alikuta wameshapiga kambi mbele na nyuma, na mama mwenyewe akamthibitishia." Akavaa kofia yake. "Kijana amelia sana. Ila wazee wake hawagombanii binti wa watu. Barua wameipeleka kwa binti wa Buzuruga jana."