Foki ya Upepo

Tangu atoke hospitali, Sikudhani hakuwa ameipanda baiskeli yake ya mlimani. Alipoisukuma hadi kwa fundi Mbwambo, foki ya mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu na kubonyea kwenye mashimo, ilikuwa imeshikwa na kutu, haibonyei tena.

"Foki mpya zipo za aina mbili," fundi alisema. "Ya springi haina matata, ila huchaguliwa kwa uzito wa mtu. Wewe dada yangu nitakutafutia laini kabisa. Ya upepo inataka kuangaliwa kila mara."

"Mfungie ya springi," alisema Shedafa, kaka yake Sikudhani, aliyekuwa amemsindikiza. "Upepo wa nini? Mwenyewe siku hizi anapeperuka!"

Sikudhani akacheka nao kidogo. "Na nikinenepa?"

"Springi laini itagonga chini kwenye kila shimo," fundi alijibu. "Ya upepo, unaongeza upepo tu."

Shedafa akaacha kucheka. Nyumbani waliongea habari za leo tu: amekula, hajala. Hakuna aliyethubutu kutaja kunenepa.

"Nifungie ya upepo," Sikudhani alisema.

Fundi alipomaliza, Shedafa alishika usukani kwa mikono miwili, dada yake akapanda. Kwenye mguu wa foki kulikuwa na kipete cha mpira cha kuonyesha foki imezama kiasi gani kwa uzito wa mpandaji. Hakikusogea. Fundi akapunguza upepo, akapunguza tena, mpaka kikasogea upana wa kidole.

Kisha akampa pampu ndogo ya kuongezea. Sikudhani akaitia mfukoni mwa gauni lililompwaya, akatazama njia ya mlimani.

"Kaka, niachie."

Shedafa akaondoa mkono mmoja.