Ijumaa ya Kwenda Kikanisani

Gauni lilikuwa jeupe, na aliyelivaa hakuwa Sidi.

Aliliona kupitia upenyo wa ua wa makuti, nyumbani kwa Mwalimu Lewa, pale Junju. Kadii, dada yake mwalimu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kanyoosha mikono. Mbele yake alisimama Baya, mume wa Sidi, akimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Hapo kiunoni pamekaa vizuri," Baya alisema.

Sidi alirudi nyuma polepole.

Miezi miwili mizima safari ile ilikuwa siri yao, yeye na Baya. Huko Mombasa kulikuwa na kikanisa cha mawe cha tangu enzi za Wareno, na padri alikuwa amekubali kuwafungia ndoa humo. Ijumaa alfajiri wangevuka hapo Mtwapa kwa mtumbwi, walale Kisauni, Jumamosi waingie mjini, Jumapili waingie kikanisani. Unga wa njiani Sidi alikuwa keshausaga. Baya alimsimulia kikanisa hicho, ambacho hata yeye hakuwahi kukiona, mpaka Sidi akajua mlango wake unatazama upande gani.

Nayo haikuwa safari ya matembezi. Sidi alikuwa na miaka sita ya ndoa ya kimila bila mtoto, na wakwe zake walikuwa wameshaanza kuulizia mke wa pili. Aliyeoa kikanisani haongezi mwingine. Tena mwaka ule wa vita vya Waingereza na Wadachi serikali ilidai wapagazi, kila mlango, yaani watu wa babu mmoja, utoe mwanamume mmoja, na Baya alikuwa akilala leo hapa, kesho pale. Mwalimu alikuwa amemtafutia kazi ya misheni huko huko Mombasa, ambako mzee wa serikali wa Junju hakuwa na sauti.

Mtu mmoja tu ndiye Sidi alimwambia siri hiyo: Mbeyu, mjane wa kaka yake Baya. Wakwe walipomsema Sidi, Mbeyu ndiye aliyemtetea. Mwanawe, kijana Nzai, alikuwa amekwenda Ganze kwa wajomba zake, kwa hiyo mama wa watu aliishi peke yake na alipenda mtu wa kuzungumza naye. Na ni Mbeyu aliyemwambia asubuhi ile, "Nenda kwa mwalimu ukajionee. Mimi sisemi kitu."

Sasa Sidi alilia mbele yake bila aibu.

"Padri hamfungii mwanamume ndoa na wake wawili," alisema. "Akimwoa Kadii, mimi narudi kwa baba."

Mbeyu alimfuta machozi kwa pindo la leso yake. "Ndio wanaume hao, mdogo wangu."

"Nifanye nini?"

"Nikikwambia, watasema nimevunja nyumba ya shemeji yangu." Akaipindua mihogo iliyokuwa juani. "Ila Kadii hawezi kuolewa na mtu asiyefika Mombasa."

Kabla ya adhuhuri Sidi alikuwa barazani kwa Ngala, mzee wa serikali. Alimwamkia shikamoo, akataja jina la mumewe, siku na mahali pa kuvukia. Acha akabebe mizigo ya Wazungu, alijiambia, tuone nani atasimama na bibi harusi wake. Ngala hakumwuliza sababu. Alimpa maji, akamwambia aende salama.

Alhamisi jioni alimwambia Baya kwamba ana homa, atangulie na mwalimu, yeye atafuata.

"Bila wewe nikafanye nini huko?" Baya aliuliza.

Unafiki huo ulimkera kuliko gauni lenyewe. Aliugeuzia ukuta uso wake. Mwalimu Lewa ndiye aliyemhimiza Baya waondoke, kwa kuwa askari walishaonekana Junju.

Ijumaa, jua limepanda, Kadii alibisha hodi. Sidi alipigwa na bumbuazi kumwona bado yuko Junju. Alikuwa amebeba gauni mkononi.

"Baya ameniachia kazi ya kukuleta kesho, homa ikipoa," alisema. "Mimi ndiye shahidi wako, nitasimama nawe mbele ya padri. Alitaka gauni lako ulione huko huko, ndiyo maana nilipimiwa mimi, kwa kuwa tuna umbo moja. Lakini nimeona bora ulijaribu kwanza. Likikubana tutalifumua mshono."

Sidi hakulipokea. Alimpita Kadii mlangoni, akakimbia bila ushungi, bila viatu, watu wakimtazama, hadi barazani kwa Ngala. Alipiga magoti vumbini.

"Baba, nimekosa. Mume wangu hana hatia. Nirudishie."

Ngala alikuna ndevu zake. Hakuwa mtu mbaya, na mambo haya hakuyafurahia.

"Wapagazi wote wamechukuliwa tangu alfajiri, mwanangu. Saa hizi wako Kisauni."

"Baba, tafadhali. Chukua mwingine."

"Mwingine nilikuwa naye," alisema Ngala. "Nzai wa Mbeyu, nilimkamata mafichoni Jumapili, nikamfunga hapa uani. Mama yake akanisihi nimwachie, akaniapia kwamba kabla ya Ijumaa wewe mwenyewe utaniletea mtu wa badala yake."